Kubadilisha Atomu, Kubadilisha Skimioni

Skimioni ni mpangilio wa sumaku za atomu uliojifunga ukawa kitu kimoja kidogo ndani ya fuwele. Katikati yake sumaku hizo zimeelekea chini, ukingoni zimeelekea juu, na kutoka katikati hadi ukingoni zinageuka taratibu, kila moja ikipishana na jirani yake kwa pembe ndogo. Upana wake huwa kati ya nanomita chache na mia mbili hivi. Skimioni inapoundwa au kusogea, hakuna atomu inayohama; kinachosogea ni mielekeo tu. Hata hivyo ikishaundwa hudumu kama kitu kamili, kwa sababu haifumuliki kwa kugeuzageuza sumaku kidogo kidogo. Ili itoweke, lazima mpangilio ukatike mahali fulani, na kuukata kunadai nishati.

Jina lake linatokana na Tony Skyrme, mwanafizikia wa Uingereza ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1960 alitumia hesabu za maumbo ya aina hii kueleza chembe za kiini cha atomu. Mwaka 1989 Bogdanov na Yablonskii walionyesha kwa hesabu kwamba maumbo hayo yanaweza pia kukaa ndani ya baadhi ya sumaku. Uthibitisho ulichelewa miaka 20. Mwaka 2009 watafiti wa Munich walielekeza neutroni kutoka kinu cha utafiti cha Garching kwenye fuwele ya manganizi na silikoni, MnSi, iliyopozwa hadi takriban kelvini 28 na kuwekwa katika uga sumaku wa karibu tesla 0.2. Neutroni zilizotawanyika ziliacha madoa sita kwenye kigunduzi, alama ya skimioni zilizojipanga kwa pembe sita. Sehemu hiyo ndogo ya halijoto na uga ilikuwa imejulikana kwa miaka mingi kwa jina la awamu A, bila mtu kujua kilichomo. Mwaka uliofuata kundi la Japani liliziona moja moja kwa hadubini ya elektroni, safari hii katika aloi ya chuma, kobalti na silikoni.

Tofauti ya dutu hizo mbili ndiyo mada ya sura hii. Ya kwanza ni kampaundi safi. Ya pili atomu zake zimechanganywa kwa makusudi. Sehemu kubwa ya utafiti wa skimioni tangu wakati huo imekuwa utafiti wa michanganyiko: atomu gani iondolewe, ipi iwekwe mahali pake, kwa kiasi gani, na fuwele itajibu vipi.

Kwanza ni lazima zijulikane nguvu zinazoshindana. Atomu za MnSi zimejipanga kwa namna ambayo taswira yake ya kwenye kioo hailingani nayo, kama kandambili ya kulia isivyoweza kuwa ya kushoto hata ikigeuzwa vipi. Fuwele za namna hiyo huitwa kirali, na kila moja ina mkono wake, wa kulia au wa kushoto. Katika sumaku ya kawaida inatawala nguvu ya ubadilishano, inayozitaka sumaku za atomu jirani zielekee upande mmoja. Katika fuwele kirali huingia nguvu ya pili, iliyopewa majina ya Igor Dzyaloshinskii, aliyeieleza mwaka 1958 kwa hoja za ulinganifu wa fuwele, na Toru Moriya, aliyeonyesha mwaka 1960 chanzo chake katika mwendo wa elektroni. Nguvu hii inazitaka sumaku jirani zisimame kwa pembe mraba, na zigeuke kuelekea mkono mmoja tu. Matakwa hayo mawili hukutana katikati: sumaku zinageuka, lakini polepole, zikichora hesi ndefu ndani ya fuwele. Katika MnSi hesi hutokea chini ya kelvini 29, na duru moja huchukua takriban nanomita 18, urefu wa makumi ya atomu. Kadiri nguvu ya Dzyaloshinskii na Moriya ilivyo dhaifu mbele ya ubadilishano, ndivyo duru inavyorefuka, na upana wa skimioni hufuata urefu huo huo.

Nguvu ya tatu ni anisotropia, yaani upendeleo wa fuwele kwa baadhi ya mielekeo. Sumaku ya atomu haiko huru kuelekea popote kwa gharama ileile. Mpangilio wa atomu zinazoizunguka hufanya njia fulani ziwe nafuu na nyingine ziwe ghali. Katika fuwele za mchemraba, kama MnSi, upendeleo huo ni mdogo sana ukilinganishwa na nguvu mbili za kwanza, na kwa muda mrefu wengi waliuona kama jambo la pembeni. Sivyo. Uga sumaku unapoongezwa, hesi kwa kawaida haigeuki kuwa skimioni. Sumaku zake huinama pamoja kuelekea kwenye uga na kuwa hesi ya koni. Koni na skimioni zinapishana kwa kiasi kidogo mno cha nishati, na katika fuwele ya mchemraba mshindi karibu kila mara ni koni. Skimioni hushinda katika eneo finyu tu karibu na halijoto ambapo usumaku unaanza, mahali ambapo mitikisiko ya joto inaipunguzia gharama. Palipo na pengo dogo namna hiyo, nguvu dhaifu ndiyo inayoamua. Kwa hiyo kazi ya mkemia ina sehemu mbili: kubadilisha nguvu kubwa zinazopanga ukubwa na halijoto, na kubadilisha ile nguvu ndogo inayochagua mshindi.

Sehemu ya kwanza inaonekana wazi zaidi katika familia ya MnSi yenyewe. Chuma na silikoni, FeSi, haina mpangilio wa sumaku. Kobalti na silikoni, CoSi, nayo haina. Zote mbili zina muundo mmoja wa kirali. Zikichanganywa, kobalti ikishika sehemu ya nafasi za chuma, hupatikana sumaku yenye hesi. Hilo pekee linatosha kuonyesha kwamba ubadilishaji wa atomu si kuongeza kitu juu ya kingine, bali ni kubadilisha idadi ya elektroni zinazozunguka fuwele nzima. Katika mchanganyiko wa nusu kwa nusu, ule uliopigwa picha mwaka 2010, skimioni zilikaa kwa umbali wa nanomita 90 hivi, mara tano ya duru ya MnSi. Mwelekeo wa kinyume upo pia. Chuma kidogo kikiingizwa ndani ya MnSi, halijoto ya usumaku hushuka haraka na duru hufupika, na kabla chuma hakijafikia hata robo ya nafasi za manganizi, mpangilio wa hesi hutoweka kabisa.

Mfano mzuri kuliko wote katika familia hii ni mchanganyiko wa manganizi, chuma na jemanimu. Upande mmoja ipo MnGe, ambayo duru yake ni nanomita chache tu. Upande mwingine ni FeGe, yenye duru ya nanomita 70 na usumaku unaoanza kwenye kelvini 278, karibu nyuzi 5 za Selsiasi. Mtu angetarajia duru irefuke taratibu kutoka ncha moja hadi nyingine. Kinachotokea ni tofauti: chuma kinapokaribia sehemu nane katika kumi, duru hurefuka bila kikomo, hesi inanyooka na kuwa sumaku ya kawaida; chuma kikizidi hapo, hesi hurudi, lakini inageukia mkono mwingine. Mkono wa fuwele haukubadilika, atomu zimebaki katika nafasi zilezile, ila nguvu ya Dzyaloshinskii na Moriya imepita kwenye sifuri na kutokea upande wa pili. Tokeo hilo lilichapishwa mwaka 2013, na lilisahihisha dhana rahisi kwamba mkono wa fuwele peke yake ndio unaopanga mkono wa usumaku. Elektroni zina kauli yao.

Kwa matumizi, hata hivyo, sumaku hizi zote zina tatizo moja: ni za baridi. Suluhisho lilipatikana mwaka 2015 katika familia tofauti, aloi za kobalti, zinki na manganizi zenye muundo uitwao manganizi beta, ambao nao ni kirali. Aloi isiyo na manganizi, Co10Zn10, hubaki na usumaku hadi zaidi ya kelvini 450. Kila manganizi inapoongezwa halijoto hiyo hushuka: karibu 400 kwa Co9Zn9Mn2, karibu 300 kwa Co8Zn8Mn4, na karibu 160 kwa Co7Zn7Mn6. Kwa kupima viungo tu, mtafiti anaweza kuiweka awamu ya skimioni pale anapotaka, pamoja na halijoto ya chumba. Skimioni zake ni kubwa, zaidi ya nanomita 100.

Lakini manganizi haikuja kupunguza halijoto tu. Muundo huu una aina mbili za nafasi za atomu. Kobalti hupendelea aina ya kwanza. Zinki na manganizi hukaa zaidi katika ya pili, ambayo ni mtandao wa pembetatu zinazogusana kwa ncha. Sumaku za manganizi zinataka kuelekea kinyume na jirani zao, na katika pembetatu jambo hilo haliwezekani kwa wote watatu: wawili wakikubaliana kupingana, wa tatu hana pa kuelekea. Katika halijoto za chini mgongano huo hukua, na aloi zenye manganizi nyingi huishia katika hali ya vurugu iliyoganda, ambapo kila sumaku ndogo imekwama kwenye mwelekeo wake. Mwaka 2018 watafiti wa taasisi ya RIKEN ya Japani walieleza kilichotokea katika Co7Zn7Mn6: mbali na awamu ya kawaida iliyo karibu na mwanzo wa usumaku, ilionekana awamu ya pili ya skimioni, katika halijoto za chini zaidi, zikiwa zimetawanyika bila latisi, yaani mpangilio wa kujirudia, iliyonyooka. Mgongano wa manganizi, ambao mtu angeuona kuwa uharibifu, ndio uliozipa uimara.

Anisotropia nayo hukua aloi hizi zinapopozwa, na athari yake iliwahi kuonekana kwa umbo kabisa. Co8Zn8Mn4 ikipozwa haraka huku uga ukiwapo, skimioni hunaswa: hazipati muda wa kufumuka, zinabaki hai katika halijoto ambapo kwa haki ya nishati zisingekuwepo. Zinapoendelea kupozwa, latisi yao ya pembe sita inageuka ya pembe nne. Zikipashwa joto tena, hurudi pembe sita. Idadi ya skimioni hulindwa na umbo lao. Zinavyojipanga huamuliwa na fuwele. Katika bamba jembamba la aloi hiyohiyo skimioni zilionekana zikirefuka kufuata mhimili unaopendelewa, bila kuunganika wala kupungua. Na mwaka 2020 ulinganisho wa aloi nne, kuanzia isiyo na manganizi hadi Co7Zn7Mn6, ulionyesha kwamba skimioni zilizonaswa hudumu muda mrefu sana katika zote nne, lakini mwelekeo unaopendelewa na hesi hubadilika sana kadiri kiasi cha manganizi kinavyobadilika.

Kwa nini zilizonaswa zidumu sana katika aloi, ilhali katika MnSi safi kuzinasa kunahitaji kupoza kwa kasi kubwa mno? Jibu safi zaidi limetoka kwenye kampaundi nyingine, Cu2OSeO3, iliyo na shaba, oksijeni na seleni. Kampaundi hii haipitishi umeme, usumaku wake huanza karibu kelvini 58, na skimioni zake ziligunduliwa mwaka 2012. Zinki ikichukua nafasi ya shaba, inaingiza tundu: atomu isiyo na usumaku mahali palipokuwa na sumaku. Mwaka 2019 ilichapishwa taarifa kwamba asilimia 2.5 tu ya zinki ilirefusha maisha ya skimioni zilizonaswa mara 50, kiasi kwamba zaidi ya nusu yao zilisalimika hata fuwele ilipopozwa kwa kasi ndogo ya kelvini moja kwa dakika. Hesabu ziliashiria kwamba nishati ya skimioni yenyewe haikubadilika sana. Zinki ilifanya kazi kama kasoro zinazoing'ang'ania skimioni na kuizuia isifumuke.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa kazi hii, nao unastahili kutajwa bila kufichwa. Kubadilisha atomu hufanya mambo mawili kwa mpigo. Hubadilisha wastani wa nguvu, yaani ubadilishano, nguvu ya Dzyaloshinskii na Moriya, na anisotropia. Na papo hapo huleta mparaganyiko, kwa kuwa atomu ngeni hukaa ovyo. Kutenganisha athari ya kwanza na ya pili si rahisi. Zaidi ya hapo, vurugu inayorefusha maisha ya skimioni ndiyo hiyohiyo inayoizuia isisogee. Katika MnSi, mkondo wa umeme wa takriban ampea milioni moja kwa mita ya mraba ulitosha kuzisukuma skimioni, kiasi kidogo sana kikilinganishwa na kile kinachohitajika kusogeza kuta za maeneo ya sumaku za kawaida, na wepesi huo ndio uliowafanya wahandisi wazitamani kwa ajili ya kuhifadhi data. Atakayetaka skimioni idumu na pia ikimbie lazima apime kasoro kwa uangalifu.

Zinki ilitoa pia funzo la kimaabara. Sampuli za mwanzo za Cu2OSeO3 yenye zinki, zilizokuwa za unga, zilionyesha maeneo mawili ya skimioni badala ya moja, na ilionekana kama fizikia mpya. Mwaka 2018 uchunguzi wa kina kwa miale ya eksirei ulionyesha kwamba unga huo haukuwa dutu moja: ulikuwa na sehemu zenye viwango tofauti vya zinki, na kila sehemu ilikuja na eneo lake la skimioni kwa halijoto yake. Fomula iliyoandikwa kwenye chupa ilikuwa wastani tu. Tangu hapo ripoti nzuri katika uwanja huu haiachi kueleza muundo halisi ulipimwaje, na fuwele kubwa moja huaminiwa kuliko unga.

Cu2OSeO3 isiyo na zinki nayo ilikuwa na la kusema kuhusu anisotropia. Mwaka 2018 uga ulipoelekezwa sambamba na ukingo wa mchemraba wa fuwele, ilionekana awamu ya pili ya skimioni katika halijoto za chini, mbali kabisa na awamu ya kwanza. Uga ukielekezwa kwingine, haipo. Mitikisiko ya joto haiwezi kueleza awamu hiyo, kwa maana huko chini joto ni kidogo. Kilichoitegemeza ni anisotropia ya mchemraba: katika mwelekeo huo mmoja koni inagharimu zaidi, na skimioni inapata nafasi. Nguvu iliyokuwa ikidharauliwa ilithibitika kuweza kuunda awamu nzima.

Katika fuwele zisizo za mchemraba nguvu hiyo ina mhimili mmoja na sauti kubwa zaidi. GaV4S8, ya galiamu, vanadi na salfa, si kirali bali ina ncha ya umeme, na nguvu ya Dzyaloshinskii na Moriya ndani yake inazuia koni isiundwe sambamba na mhimili huo. Skimioni zake, zilizoripotiwa mwaka 2015, hugeuza sumaku kutoka katikati kwenda nje badala ya kuzizungusha pembeni, na haziegemei uga bali mhimili wa fuwele. Usumaku huanza kwenye kelvini 13. Upendeleo wake ni wa kusimama kwenye mhimili. Fuwele inapopozwa zaidi upendeleo huo unazidi, mwishowe sumaku zote zinanyooka na skimioni hazipo tena. Seleni ikichukua nafasi zote za salfa, upendeleo unageuka na kuwa wa kulala kwenye bapa, usumaku unaanza karibu kelvini 18, na skimioni zinadumu hadi halijoto za chini kabisa zilizopimwa. Kubadilisha aina moja ya atomu, ambayo yenyewe haina usumaku, kumegeuza tabia nzima. Ila njia ya katikati imefungwa: salfa na seleni zikichanganywa kwa viwango vya kati, mpangilio mrefu unavunjika, na kinachobaki ni sumaku zilizoganda katika vurugu.

Kuna ubadilishaji uliofanywa mahsusi ili kugeuza anisotropia. Schreibersite ni madini ya chuma, nikeli na fosforasi yanayopatikana katika vimondo. Muundo wake hauna kitovu cha ulinganifu, na mpangilio wake ungefaa kwa antiskimioni, ambazo sumaku zake huzunguka kinyume na skimioni na hubadilisha namna ya kuzunguka kadiri mtu anavyozizungukia. Antiskimioni zilikuwa zimepatikana mwaka 2017 katika kampaundi ya manganizi, platini, paladi na bati. Tatizo la fosfidi ya chuma na nikeli lilikuwa upendeleo wake wa kulala kwenye bapa. Watafiti waliingiza paladi kidogo, wakapata Fe1.9Ni0.9Pd0.2P, na upendeleo ukasimama wima. Mwaka 2021 waliripoti antiskimioni zenye umbo la mraba katika eneo pana la halijoto, ikiwemo ya chumba. Ukubwa wake hutegemea sana unene wa bamba, kwa sababu hapo mvuto wa mbali baina ya sumaku unaingia kwenye mashindano pamoja na nguvu tatu za mwanzo. Na uga au unene ukibadilishwa, antiskimioni hizo hugeuka kuwa skimioni zilizorefuka.